Wahalifu wa vita: Nyanda za Juu Kusini bado zinadai

Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919 ili kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, una vifungu viwili ambavyo wananchi wa Iringa na Mbeya hawana budi kuvisoma kwa pamoja. Kifungu cha 227 kilitangaza kwamba Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani atashitakiwa mbele ya mahakama maalumu, na vifungu vilivyofuata viliwataka Wajerumani wawatoe watu wote waliovunja sheria na desturi za vita. Kifungu cha 246 nacho kiliitaka Ujerumani, katika muda wa miezi sita, iikabidhi Serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, lililochukuliwa kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Ni jambo la kushangaza kwamba wale mabwana wakubwa wa dunia, walipokuwa wakigawana nchi na kuchora mipaka, walikumbuka kichwa cha mtawala mmoja wa Uhehe. Lakini la kushangaza zaidi ni lile walilolisahau. Mkataba uliotaka wahalifu wa vita waadhibiwe, na uliotaka fuvu la Mkwawa lirudishwe, haukuuliza hata mahali pamoja ni nani aliyekikata kichwa hicho, kwa amri ya nani, na kwa sheria gani. Kichwa kiliombwa. Mkono uliokikata uliachwa uende zake.

Hilo ndilo deni ambalo mpaka leo halijalipwa katika Nyanda za Juu Kusini.

KILICHOTENDEKA UHEHE

Historia ya vita hivyo inajulikana, lakini si vibaya kuikumbusha. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Mkwawa yaliliangamiza pale Lugalo jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, afisa aliyekuwa ameingia Uhehe akichoma moto vijiji njiani. Ushindi huo ndio uliolipa jina lake kambi ya Lugalo ya Dar es Salaam. Wajerumani hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele aliivunja kwa mizinga ngome ya Kalenga, na kwa kazi hiyo akapewa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Prussia.

Kisha ikaja miaka minne ya kumwinda mtu mmoja kama mnyama wa porini. Kapteni Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, alijenga boma lake Iringa mwaka 1896. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alitawazwa na Wajerumani wenyewe mwishoni mwa mwaka huo. Haikupita miezi mitatu wakamnyonga kwa madai ya kushirikiana na kaka yake kwa siri. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Vijiji vilivyoshukiwa kumpa chakula viliunguzwa, ghala zikamwagwa, mifugo ikatekwa. Tarehe 19 Julai 1898, karibu na Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi kuliko kushikwa akiwa hai. Doria iliyoongozwa na Sajini Meja Merkl ilimkuta amekwisha kufa. Maiti ikakatwa kichwa.

Mtu aliyekufa hana tena silaha. Katika mila za Wahehe, kama katika mila za watu wote wenye utu, maiti ya adui huzikwa. Kuikata na kuibeba kama pembe ya ndovu si tendo la vita, ni uhalifu. Na waliotenda hivyo hawakujificha: walijivuna, wakaandika vitabu, wakapandishwa vyeo.

MWISHO WAO

Sasa na itazamwe hatima ya kila mmoja wao. Von Prince alipewa ukabaila na kuongezewa "von" katika jina lake, akawa mlowezi mwenye shamba Usambara, akauawa katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914. Schele alirudi kwao na nishani yake. Graf von Götzen, gavana wakati wa Vita vya Maji Maji, alirudi Ujerumani mwaka 1906, akapewa cheo cha ubalozi Hamburg, akatunga kitabu juu ya vita hivyo, akafa kitandani mwaka 1910.

Vita vya Maji Maji havikuwa vya Kilwa na Songea peke yake. Mwezi Septemba 1905 Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Jibu la Wajerumani halikuwa risasi tu. Maafisa wao, akiwamo Kapteni Wangenheim, walishauri waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowavunja watu hawa. Mashamba yakateketezwa, mbegu zikachukuliwa, na watu wakakatazwa kulima mpaka wasalimu amri. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri vifo 75,000. Wanahistoria, akiwamo marehemu G.C.K. Gwassa, walikadiria kwamba waliokufa, wengi wao kwa njaa, walifikia kati ya 250,000 na 300,000. Hakuna afisa hata mmoja aliyepelekwa mahakamani kwa njaa hiyo.

Halafu likaja jina linalosifiwa kuliko yote, la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Kabla ya kufika nchi hii alikuwa msaidizi wa Jenerali von Trotha katika vita vya Namibia, ambako Waherero walisukumwa jangwani wafe kwa kiu. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi yake na yale ya Waingereza yalizikanyaga Nyanda za Juu Kusini kwa zamu. Jenerali Northey aliingia kutoka Nyasaland mwezi Mei 1916 na kuiteka Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu. Iringa ikaangukia mikononi mwake mwishoni mwa Agosti. Miezi michache baadaye Wajerumani waliotoka Tabora wakapita wakipigana Ngominyi, Malangali na Lupembe. Mwaka 1917 kikosi cha Wintgens kikapenya kwenda kaskazini. Mwezi Oktoba 1918 Lettow mwenyewe akapita tena Njombe akitokea Msumbiji.

Kila kikosi kilichopita kilikula. Hakikuwa na ghala ila ghala ya mkulima, wala hakikuwa na gari ila kichwa cha mpagazi. Daktari Ludwig Deppe, Mjerumani aliyekuwa katika jeshi hilohilo, aliandika baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na njaa iliyokuwa ikikaribia. Kwa upande wa Waingereza, hesabu yao wenyewe ya wapagazi waliokufa inazidi 45,000. Mwisho wa vita ukaja ugonjwa wa mafua na kuwamaliza waliokwisha kudhoofika.

Je, Lettow alipatwa na nini? Tarehe 25 Novemba 1918 alisalimu amri Abercorn. Mwezi Machi 1919 alipita juu ya farasi katika lango la Brandenburg mjini Berlin, huku umati ukimshangilia kama shujaa. Mwaka 1929 Waingereza waliopigana naye walimwalika London kwa karamu. Alipofariki Hamburg mwaka 1964, jeshi la Ujerumani Magharibi lilimpa heshima zake, na mwaka huohuo bunge la nchi hiyo likakubali kuwalipa malimbikizo askari wazee wa Kiafrika waliokuwa hai bado. Askari alikumbukwa baada ya karibu miaka 50. Mpagazi hakukumbukwa, wala mkulima wa Ubena aliyeporwa mahindi yake.

MKUKI KWA NGURUWE

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hata ile haki ya Versailles haikutendeka Ulaya kwenyewe. Uholanzi ilikataa kumtoa Kaizari mwaka 1920, naye akaishi Doorn akikata kuni mpaka alipofariki mwaka 1941. Kati ya watu karibu 900 walioorodheshwa na mataifa yaliyoshinda, wachache tu walifikishwa mbele ya mahakama ya Leipzig mwaka 1921; na waliopatikana na hatia walihukumiwa vifungo vya kati ya miezi sita na miaka minne.

Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili ulimwengu ulibadili mwendo. Huko Nuremberg, mwaka 1945 na 1946, ilikubaliwa kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, na kwamba kuwaangamiza raia ni kosa hata kama sheria ya nchi iliruhusu. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba unaosema kwamba makosa ya vita na makosa dhidi ya ubinadamu hayaozi kwa kupita miaka. Ujerumani yenyewe imeufuata mwendo huo kwa bidii. Mwezi Desemba 2022 mahakama ya Itzehoe ilimtia hatiani bibi kizee wa miaka 97, kwa sababu alipokuwa msichana alikuwa karani wa kupiga taipu katika kambi ya mauaji ya Stutthof.

Hukumu ile ilikuwa ya haki, na hakuna mpenda haki atakayeilaumu. Ila mwananchi wa Kalenga ana haki ya kuuliza: ikiwa aliyepiga taipu anahukumiwa baada ya miaka 77, kwa nini aliyetoa amri ya kuunguza chakula cha Uhehe na Ubena aendelee kuitwa mpelelezi, mjenzi na shujaa?

HOJA ZA WAPINZANI

Wapo watakaojibu kwamba mambo yale ni ya zamani, na kwamba hapana haki ya kuyapima matendo ya 1898 kwa kipimo cha leo. Hoja hiyo ina sura nzuri lakini haina mizizi. Wajerumani wa wakati uleule walijua. Mwezi Machi 1896 August Bebel alisimama katika bunge la Berlin akayaanika maovu ya Carl Peters, aliyewanyonga mtumishi wake na msichana wa Kiafrika kule Kilimanjaro. Peters, ambaye watu walimwita Mkono wa Damu, alifukuzwa kazi mwaka 1897. Basi sheria ilikuwapo na dhamiri ilikuwapo. Kilichokosekana ni nia, kwani mwaka 1914 Kaizari alimpa Peters pensheni, na mwaka 1937 Hitler akamsafisha kabisa ingawa alikwisha kufa. Uamuzi wa kumtukuza ulipitishwa na watu wenye macho, wakijua alichokifanya.

Wengine watasema kwamba Mkwawa naye hakuwa malaika. Ni kweli, na ukweli huo usifichwe. Wasangu wa Mbeya wanakumbuka jinsi Wahehe walivyowafukuza kutoka Utengule, na ndiyo maana Merere alijiunga na Wajerumani dhidi ya Mkwawa mpaka wakamrudisha kwake. Mwaka 1905 Wahehe nao walisimama upande wa Wajerumani dhidi ya majirani zao. Na wengi wa askari waliochoma vijiji walikuwa Waafrika, wengine wakiwa wazaliwa wa nchi hiihii. Taifa lisilokiri mambo hayo litakuwa linajidanganya.

Hata hivyo, kosa la mmoja halifuti kosa la mwingine. Wasangu na Wahehe walipigana kama majirani wanaogombea malisho na mamlaka, na vizazi vyao leo vinaoana, vinauziana mpunga na kusoma shule moja. Mjerumani alikuja na mkataba wa kampuni mkononi, akautumia ugomvi wa majirani kama mpini wa shoka lake. Mti humaliziwa na mpini uliotoka katika mti wenyewe, lakini anayelishika shoka ndiye anayejua anakata nini.

JINO LA PEMBE

Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alilikabidhi fuvu hilo pale Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baada ya Uhuru alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Twining alikwenda mwenyewe mwaka 1953 katika makumbusho ya Bremen, akalichagua miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya jamaa wa Mkwawa, na kwa kuangalia tundu la risasi. Tangu siku hiyo wapo wataalamu wenye shaka kama kweli ndilo.

Shaka hiyo isiwavunje moyo watu wa Kalenga, ambao wanalitunza fuvu kwa heshima. Lakini ina funzo lake. Kama Bremen ilikuwa na rafu ya mafuvu ya kuchagua, basi kila fuvu katika rafu ile lilikuwa la mtu, mwenye mama na watoto na jina, na mkataba wa Versailles ulikuwa na nafasi ya jina moja tu. Utafiti uliotangazwa Berlin mwaka 2023 ulishughulikia mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na yapatayo 200 kati yake ni ya Tanzania. Kwa kulinganisha vinasaba na vya jamaa walio hai, yale ya Wachagga wachache yamekwisha kutambuliwa. Hao waliobaki bado wako mbali na makaburi ya wazee wao.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya kaburi la mashujaa wa Maji Maji, akaomba msamaha kwa yale waliyoyatenda Wajerumani. Lilikuwa neno jema na lilichelewa miaka zaidi ya 100. Msamaha haukatazwi, lakini huombwa kwa kosa lililotajwa na kwa mkosaji aliyetajwa. Kusema kwamba "Wajerumani" walitenda maovu ni rahisi, kwani Mjerumani wa jumla hana sanamu, hana mtaa, hana wajukuu. Kusema kwamba von Schele, von Prince, Wangenheim na Götzen walitenda ndiko kunakogharimu. Hannover ilikwisha kuanza njia hiyo: uwanja wa Carl Peters ulipewa jina jingine, na mtaa wa Lettow-Vorbeck nao ukabadilishwa. Miji mingine na ifuate.

WAJIBU WA NYUMBANI

Lakini si haki kuwadai wengine kila kitu na kukaa mikono mitupu. Yapo mambo ambayo hayangoji Berlin.

Kwanza, ushahidi. Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yamo majalada mengi ya utawala wa Kijerumani, yaliyoandikwa kwa Kijerumani cha zamani na kwa mwandiko ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu. Amri, hesabu za mifugo iliyotekwa na majina ya walionyongwa havitasomwa kwa hotuba. Vyuo vikuu vya nchi hii, pamoja na vile vilivyoko Iringa na Mbeya, havina budi kufundisha vijana kadhaa kuyasoma majalada hayo na kuyafasiri kwa Kiswahili. Mshitaki asiyejua kusoma hati ya mshitakiwa hushindwa kesi kabla ya kufika mahakamani.

Pili, ukumbusho. Pale Lugalo pana mnara wa Zelewski na wenzake. Usibomolewe, maana hata jiwe la adui ni shahidi. Ila karibu nao paandikwe kwa Kiswahili fasihi kwamba watu hao walikuja kufanya nini, na vijiji walivyovichoma vilikuwa vya nani. Mtoto wa shule anayepelekwa pale kwa basi asiondoke akijua majina ya waliouawa upande mmoja tu.

Tatu, wazee. Katika Ubena, Usangu, Ukinga na Unyakyusa bado zipo familia zinazosimulia njaa ile na jinsi babu yao alivyokamatwa upagazi asirudi. Masimulizi hayo hupungua kila mvua ya masika inapoondoka na mzee mmoja. Yaandikwe sasa, pamoja na yale yasiyopendeza, kama vile nani alimwongoza mzungu njia na nani aligawiwa ng'ombe wa jirani.

Watanzania wanalijua vizuri jambo la mhalifu wa vita kuponyoka. Idi Amin alivamia Kagera mwaka 1978, akaua na kupora, na vita vikawagharimu wananchi maisha na mali. Alikimbia, akaishi kwa starehe Saudi Arabia, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 bila kuulizwa swali moja na hakimu. Hata hivyo hakuna mtaa unaobeba jina lake kwa heshima, na hakuna kitabu cha shule kinachomwita mjenzi. Mahakama ilimkosa, lakini historia haikumkosa. Hukumu ya namna hiyo ndiyo inayodaiwa kwa ajili ya wafu wa Uhehe na Ubena.

Wahenga walionya kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Fuvu lililorudishwa Kalenga ni la kushukuriwa, msamaha uliotolewa Songea ni wa kupokewa, na mazungumzo ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alisema mwaka 2023 kwamba Serikali iko tayari kuyafungua ni ya kuungwa mkono. Lakini yanapoketi mezani, wajumbe wa pande zote mbili waweke mbele yao kile kifungu cha 246, kisha wavipekue vifungu vya 227 hadi 230, na kuandika ndani yake, hata kama ni kwa kuchelewa, majina yaliyoachwa mwaka 1919.